Barua ya wazi kwa wakuu wa polisi na wanamaji: na yule aliyestaafu akafia kitandani mkumbukeni

Waheshimiwa wakuu wa polisi, makamanda wa wanamaji, na nyie mnaokaa kwenye ofisi za pensheni na kumbukumbu za watumishi,

Salamu kwenu wote. Naandika wazi kwa sababu ile barua ya bahasha tuliyotuma mwanzo haikujibiwa, na hata ingejibiwa lingekuwa jibu la familia moja wakati hili jambo ni la watu wengi mno. Tumemzika mzee wetu. Jina lake familia wameomba nisiliweke hapa na nimeheshimu hilo, kwa hiyo nitamwita Mzee tu, kama tulivyokuwa tunamwita wote kuanzia wajukuu mpaka majirani. Alianza utumishi akiwa kijana mbichi kwenye jeshi la wanamaji, akafanya kazi chini kabisa kwenye chumba cha injini, akatoka huko akaingia polisi, akavaa hiyo sare ya pili mpaka umri wa kustaafu ukafika, akarudi nyumbani, akaishi, akaugua, akafa kitandani kwake mkewe akiwa amemshika mkono. Hakupigwa risasi. Meli yake haikuzama. Na nimekuja kugundua kwamba kwa taratibu zenu nyingi shida yenyewe ndo hiyo, mtu akimaliza kazi salama hana tena pa kuandikwa.

Ombi langu nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini alipate: mkumbukeni na yule aliyemaliza kazi akiwa mzima, na muanze kumkumbuka wakati bado anapumua na anaweza kuwajibu.

Nisieleweke vibaya hapa. Waliokufa kazini wanastahili kila walichopewa na zaidi ya hapo. Pale Washington kuna ukumbusho wa taifa wa polisi waliokufa kazini, ulizinduliwa Oktoba 1991, kuta zake zina majina zaidi ya 20,000 na kila mwaka yanaongezwa mengine, watu wanaenda wanaweka karatasi juu ya jina la mtu wao wanasugua penseli mpaka herufi zinatokea, afu wanaondoka nalo. London nako, kwenye barabara ya The Mall, kuna ukumbusho wa polisi ambao Malkia Elizabeth wa Pili aliuzindua Aprili 2005, una kitabu cha majina kimewekwa nyuma ya kioo, na safari yote ya kuwajengea kumbukumbu polisi wa Uingereza ilianza baada ya askari wa kike Yvonne Fletcher kupigwa risasi mwaka 1984 akiwa kwenye ulinzi wa maandamano nje ya ubalozi wa Libya. Mama au mjane akienda sehemu kama hizo akagusa jina la mtu wake, hiyo ni haki yake na sina neno.

Lakini angalieni sharti la kuingia pale. Lazima uwe umekufa kazini. Sasa Mzee alifanya kazi ileile. Aligonga milango ileile usiku bila kujua nyuma yake kuna nani. Ile siku mwenzake alipoumizwa yeye alikuwa upande wa pili wa gari, yaani kilichowatenganisha ni nani alikaa kushoto na nani alikaa kulia. Mmoja akapata mapumziko ya ugonjwa na baadaye cheti cha ushujaa, mwingine akarudi kazini kesho yake asubuhi na akaendelea kurudi kila asubuhi mpaka nywele zikawa nyeupe. Mi naona huyu wa pili naye alitoa kitu. Alitoa maisha yake pia, ila aliyatoa kidogo kidogo, na ofisi haina fomu ya hicho.

Na msiseme haiwezekani maana kuna waliofanya. Wanamaji wa Marekani wana ukumbusho wao palepale Washington, ulizinduliwa Oktoba 1987, uwanja wake umechorwa ramani ya bahari za dunia kwa mawe ya graniti na juu yake amesimama baharia mmoja wa shaba, kola ameipandisha kwa ajili ya baridi, mikono mfukoni, begi lake liko chini pembeni. Hana jina, hafanyi ushujaa wowote, amesimama tu anaangalia mbele. Na pamoja na ile sanamu kuna daftari la kumbukumbu ambalo mtu aliyetumikia baharini anaweza kuandikishwa, awe hai awe marehemu, jina lake, meli zake, miaka yake, na picha ikiwepo. Haulizwi alikufaje. Ndo hicho tu tunachokitaka, na ukiangalia sana hakigharimu hata gwaride moja.

Sasa niwaambie Mzee alikuwa nani, maana kwenye salamu zenu za rambirambi mliandika "alikuwa mchapakazi na mtiifu", maneno ambayo mnaweza kuyaweka kwa mtu yeyote na nadhani mmeyaweka kwa wengi.

Hakuwa msimuliaji. Ilibidi umvizie akiwa anatengeneza kitu, mikono ikiwa na kazi mdomo nao ulikuwa unafunguka. Hapo ndo utasikia habari za zamu, kwamba kwenye meli zamu ni masaa manne, kengele inapigwa kila nusu saa, zikifika kengele nane umemaliza na mwenzako anashuka, na kwamba kosa baya kuliko yote chini kule lilikuwa kuchelewa kumpokea mwenzako, kwa sababu hayo masaa manne kwenye joto la boila yalikuwa yamemtosha. Wenzake wa juu walikuwa wanaona bahari, yeye alikuwa anaona geji, mabomba na mvuke. Alinionyesha siku moja jinsi walivyokuwa wanasikiliza pampu. Unachukua bisibisi ndefu, ncha yake unaigusisha kwenye chuma cha pampu, mpini unauweka kwenye mfupa karibu na sikio, unafunga macho, na kama beringi imeanza kuchoka unasikia mkwaruzo mwembamba ndani ya ule mngurumo hata kabla geji haijashtuka. Alikuwa na miaka sabini na kitu wakati ananionyesha, sikio lenyewe lilikuwa limeshakufa kwa kelele za hizo hizo injini, lakini alisikia kwa mfupa. Akasema beringi ya huu mtambo haimalizi mwezi. Na haikumaliza.

Masikio hayo kuna mtu aliyaandika popote? Kwamba yaliishia huko? Hapana. Kwenye faili lake la afya la polisi imeandikwa kwamba ana upungufu wa kusikia, basi, ni kama alizaliwa hivyo.

Polisi aliingia kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa ameshazoea kukesha na hakujua afanye nini na usiku wa kulala. Mnajua wenyewe nchi nyingi tu mtu akitoka jeshini anapelekwa polisi, sare anaijua, amri anazijua, hana haja ya kufundishwa kusimama. Kinachosahaulika ni kwamba analeta na yale aliyoyabeba kutoka huko, na huku anaongezewa mengine juu yake, na hakuna anayejumlisha.

Daftari zake tunazo. Zile ndogo za mfukoni za askari. Alituambia sheria zake, usiache mstari wazi, usichane ukurasa, ukikosea usifute piga mstari mmoja neno lionekane na uweke sahihi pembeni, na maneno ya mtu uyaandike alivyosema yeye, usimtengenezee. Tukazisoma baada ya msiba, usiku mmoja tulikaa mpaka karibu kunakucha. Kesi kubwa zimo chache, zile ambazo nyie mnazo kwenye majalada. Zilizobaki zote ni vitu ambavyo havijawahi kuingia kwenye ripoti yoyote ya mwaka: mtoto aliyepotea akakutwa amelala chini ya meza ya muuzaji mita chache tu kutoka kwa mama yake, babu mmoja aliyekuwa anapiga simu kituoni kila wiki kusema kuna mwizi na hakukuwa na mwizi, alikuwa mpweke, na Mzee ameandika "nimekagua madirisha yote, salama, nimekaa naye dakika ishirini". Hiyo sentensi mi imenikaa. Ripoti zenu zinahesabu waliokamatwa, lakini aliyekaguliwa madirisha akalala kwa amani anahesabiwa wapi?

Halafu kuna ile kazi ambayo naamini ilimchosha kuliko kukimbizana na mtu yeyote, kupeleka taarifa za vifo. Kituo chake walikuwa wanamtuma yeye kwa sababu walijua anaiweza, na akishaiweza mtu mmoja basi anatumwa yeye siku zote. Aliwahi kumfundisha askari kijana mbele yangu, alikuja nyumbani kumuuliza baada ya Mzee kustaafu, na nimeyashika yale mafundisho mpaka leo. Usipige simu, nenda mwenyewe. Nendeni wawili. Kabla hujagonga hakikisha jina, na hakikisha tena, na ukishagonga hakikisha kwa mara ya mwisho unaongea na nani. Vua kofia. Omba kuingia ndani, omba mkae. Usizunguke, usiseme "amepata tatizo" au "hayupo vizuri", sema "amefariki", kwa sababu ukizunguka mtu anajenga matumaini na wewe utakuja kuyabomoa. Afu nyamaza. Usiangalie saa. Usimpe vitu vya marehemu ndani ya mfuko wa takataka, tafuta hata boksi safi. Na usiondoke mpaka kuna mtu wake amefika kukaa naye, hata kama zamu yako imeisha, hata kama redio inakuita.

Yule kijana akauliza, na wewe baada ya hapo unafanyaje? Mzee akafikiri kidogo akasema unarudi kwenye gari, unaandika saa, unaendelea.

Hilo jibu linanisumbua, na nyie inatakiwa liwasumbue zaidi yangu. Usiku alikuwa anaamka anakagua milango, mkewe anasema ilikuwa hivyo tangu wanaoana. Sisi tulidhani ni tabia. Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kutambua kwamba askari anaweza kuumizwa akili na kazi, na kwamba hata aliyejiua kwa sababu ya kile alichokiona kazini familia yake inaweza kutambuliwa kama ya aliyekufa kazini. Mwaka 2022, juzi tu! Polisi wameanza kupeleka taarifa za vifo lini?

Sasa yeye alipofariki nani alikuja kugonga mlango wa mkewe? Hakuja mtu. Tulipeleka taarifa sisi, kwenye ofisi zote mbili. Upande mmoja ulituma ujumbe wa simu wa mistari miwili ambao jina la marehemu limekosewa herufi. Mtu aliyekuwa anahakikisha majina ya watu mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Simtaji aliyetuma wala ofisi yake kwa sababu sitaki mtu mmoja aadhibiwe afu mambo yabaki vilevile, najua hakuna aliyemfundisha.

Nirudi kwenye ugonjwa, maana humu kuna jambo kubwa kuliko rambirambi. Kilichomuua ni mapafu. Meli nyingi za kivita zilizojengwa kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1970 na kitu zilifungwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, kila penye joto, kwenye mabomba ya mvuke, boila, tabaini, viungio, kwa sababu asbesto haishiki moto na ilikuwa rahisi kupatikana. Vijana wa chumba cha injini ndo walikuwa wanaibandua kwa mikono wakati wa matengenezo na vumbi linabaki hewani mule ndani hakuna dirisha. Ubaya wake ni kwamba hauumwi leo. Makovu ya mapafu na ile saratani ya utando unaozunguka mapafu vinaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, 40, hata 50, wakati mtu ameshabadilisha kazi, ameshastaafu ya pili, na daktari anamuuliza kama anavuta sigara. Uingereza walikuja kuipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na hapo wale vijana walikuwa tayari wazee.

Mzee alipoanza kukosa pumzi akaambiwa athibitishe. Alete jina la meli, tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, na uthibitisho kwamba alifanya kazi kwenye sehemu yenye asbesto. Yaani nyie ndo mliompangia kazi, nyie ndo mnatunza kumbukumbu za meli, halafu mgonjwa anayekohoa usiku kucha ndo aende kuzitafuta. Ofisi ya upande wa wanamaji ikasema huyu alistaafu akiwa polisi aende polisi. Upande wa polisi wakasema ugonjwa ni wa meli aende wanamaji. Akafa faili likiwa njiani, na mpaka leo mjane akiuliza anaambiwa liko njiani.

Na isiwe mnadhani ni sisi tu tunalalamika. Angalieni kilichowapata wanamaji wa Marekani waliokuwa kwenye meli nje ya pwani ya Vietnam. Walioshuka nchi kavu walihesabiwa kuwa wameguswa na ile sumu ya kuulia majani, Agent Orange, na wakiugua magonjwa yaliyoorodheshwa hawakuhitaji kuthibitisha zaidi. Kuanzia mwaka 2002 waliobaki melini wakaambiwa nyie hamkukanyaga nchi, thibitisheni. Wakapambana, wengi wakiwa wanakufa katikati ya mapambano, mpaka mahakama ya rufaa ikawaunga mkono Januari 2019 na sheria ikasainiwa Juni mwaka huohuo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na saba mtu anabishana na serikali yake kuhusu kama mguu wake uligusa udongo.

Na kwenye pensheni ni hivyohivyo, mtu wa sare mbili anaumia katikati. Hukohuko Marekani kulikuwa na sheria ya mwaka 1983 ambayo ilimpunguzia mafao ya hifadhi ya jamii mtu mwenye pensheni ya kazi ambayo haikukatwa makato ya mfuko huo, na polisi wengi walikuwa kwenye kundi hilo. Kwa hiyo mtu alichangia huo mfuko akiwa baharini, maana mishahara ya jeshi ilianza kukatwa mwaka 1957, akachangia na kwenye kazi nyingine ndogondogo, afu uzeeni anaambiwa kwa sababu una pensheni ya polisi hiki tunakipunguza. Ilifutwa tarehe 5 Januari 2025. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini na kuna wajane wengi hawakuiona hiyo siku. Mi sisemi sheria zote zinafanana duniani. Nasema tu kila mahali anayetumikia sehemu mbili anaonekana ni mtu wa nusu huku na nusu kule, wakati alitumikia yote kwa mwili mmoja.

Kuhusu mazishi nitasema kwa kifupi kwa sababu bado yanauma. Tuliomba mtu mmoja mwenye sare kutoka kila upande. Marekani tangu tarehe 1 Januari 2000 familia ya mwanajeshi aliyeachishwa kwa heshima ikiomba, sheria inasema waje angalau watu wawili wenye sare, mmoja wao lazima atoke kwenye jeshi lake marehemu, waikunje bendera, waikabidhi kwa familia, na upigwe wimbo wa tarumbeta wa kuaga. Wawili tu! Hata nchi yenye vita na bajeti finyu inaweza kutoa watu wawili kwa saa moja. Sisi tukaambiwa tulete hati halisi ya kuachishwa jeshi. Tukapekua nyumba nzima na msiba uko sebuleni, wanawake wanalia, sisi tunafungua makabati. Hatukuiona. Tuliipata baada ya kuzika, aliikunja mara nne akaichomeka kwenye jalada la ndani la daftari lake la kwanza la polisi, nadhani kwake yeye vilikuwa kitu kimoja.

Waliokuja ni wastaafu wenzake wawili, wamevaa nguo zao za kawaida, mmoja na fimbo. Huyo wa fimbo alikuwa polisi. Kuna desturi ambayo vituo vingi vinaifanya, kwenye mazishi chumba cha mawasiliano kinaita namba ya askari kwenye redio, kinangoja, kinaita tena, hakuna anayeitika, afu kinatangaza kwamba zamu yake imeisha. Yule mzee hakuwa na redio. Alisogea mbele akaita namba ya Mzee kwa sauti yake mwenyewe, akangoja. Akaita tena akangoja. Mara ya tatu sauti ikamkatika katikati ya namba, na yule mwingine, ambaye walikuwa meli moja na Mzee ujanani, akaimalizia. Namba ya polisi ambayo yeye baharia hakuwa na sababu ya kuijua, lakini aliijua. Huo ndo ukawa msafara wenu wote wa heshima.

Sasa mnaweza kufanya nini? Mtu anapostaafu mpeni nakala zake zote mkononi mwake na nakala nyingine mbaki nayo mnayoweza kuipata ndani ya siku moja, hati ya kuachishwa, orodha ya meli, vituo, majeraha, na mkewe au mumewe ajue ziko wapi. Karatasi zinaungua, tusidanganyane, Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, Marekani, liliwaka moto yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya jeshi la nchi kavu na la anga, na hayakuwa na nakala, watu wakabaki wanatafuta ushahidi wa maisha yao kwenye barua za zamani na risiti za mishahara. Kwa hiyo msimwachie mgonjwa wala mjane hiyo kazi. Halafu zikae pamoja hizo ofisi zenu mbili, aliyevaa sare mbili awe na faili moja, na simu moja ambayo ukipiga kuna mtu anapokea na hakurushi kwa mwenzake.

Na kubwa zaidi tumeni mtu akakae nao. Msitume fomu. Tumeni kijana mwenye daftari au simu ya kurekodia, akae na mstaafu mchana mzima, amuulize zamu zilikuwaje, nani alikuwa anampokea, pampu ilikuwa inalia vipi, mlango gani aliogonga hawezi kuusahau. Nina hakika huyo kijana atajifunza kazi kuliko kwenye kozi nyingi. Yale mafundisho ya kupeleka taarifa ya kifo niliyoandika hapo juu hayapo kwenye mwongozo wowote wa kituo chake, nimeuliza. Yalikuwa kichwani kwa mtu mmoja na yamebaki kwa bahati tu kwamba siku ile nilikuwepo nachota maji ya kunywa ya mgeni.

Mkitaka kuanzia mahali, daftari zake tunazo zote na familia wamekubali zinakiliwe, njooni na mashine yenu ya kunakili hatutaki zitoke nje ya nyumba. Faili la mapafu tunaomba lijibiwe, ndiyo au hapana, mjane anahitaji kujua na yeye umri umeenda. Na wale wazee wawili waliokuja mazishini wako hai. Wa fimbo anakumbuka kila kitu lakini anachoka haraka, nendeni asubuhi. Yule wa meli hasikii vizuri upande wa kushoto, kaeni kulia kwake, na muongee taratibu. Mkituma mtu sisi tutampeleka mpaka mlangoni.

Mimi, kwa niaba ya familia.